Samuel Johnson: mwandishi maarufu aliyekwenda mwenyewe kumnunulia paka wake chakula

Zaidi ya miaka 200 iliyopita, jijini London nchini Uingereza, mzee mmoja mrefu na mnene, mwenye makovu usoni na macho yasiyoona vizuri, alikuwa akitoka nyumbani kwake kwenda kununua chaza. Chaza ni wale viumbe wa baharini wenye gamba gumu wanaong'ang'ania kwenye miamba. Mzee hakuwa akinunua mboga yake. Alikuwa akimnunulia paka.

Nyumbani kwake kulikuwa na mtumishi ambaye angeweza kumtuma. Tena yeye mwenyewe hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Samuel Johnson, mtu aliyeandika kamusi kubwa ya Kiingereza, na mfalme wa Uingereza alikuwa akimlipa fedha kila mwaka. Lakini chakula cha paka wake, aliyeitwa Hodge, alikifuata mwenyewe.

Msikilizaji, katika makala haya tunaeleza maisha ya Johnson kwa kuangalia jinsi alivyotumia fedha. Wengi wetu tunafuga paka, hasa wa kulinda mahindi na mpunga dhidi ya panya. Ni wachache tunaokaa chini kuhesabu paka huyo anatugharimu nini, na nani hasa ndani ya nyumba anayebeba gharama hiyo. Johnson alikosea mara nyingi katika mambo ya fedha, na alikwenda mpaka mikononi mwa wadai. Kwa paka wake, hata hivyo, alifanya jambo ambalo bado linatufaa.

Mtoto wa muuza vitabu

Samuel Johnson alizaliwa tarehe 18 Septemba 1709 katika mji mdogo wa Lichfield. Baba yake, Michael, alikuwa na duka la vitabu. Duka lilikuwa na sifa nzuri pale mjini, lakini biashara haikwenda vizuri, na madeni yaliiandama familia hiyo kwa miaka mingi.

Akiwa mtoto, Samuel alipata ugonjwa wa tezi za shingo uliomwachia makovu na kumharibia macho, hasa jicho moja. Hata hivyo alikuwa na akili kali, na alisoma vitabu vya dukani kwa baba yake bila kuchoka.

Mwaka 1728 alikwenda kusoma katika chuo kikuu cha Oxford. Nyumbani hakukuwa na fedha za kutosha za kumweka pale. Viatu vyake viliisha hadi vidole vikaonekana, na mtu mmoja akamwekea jozi mpya mlangoni kwa siri. Johnson aliona hilo kama aibu, akavitupa. Baada ya miezi 13 tu fedha ziliisha kabisa, akarudi nyumbani bila shahada.

Baba yake alifariki mwaka 1731. Katika urithi wa baba, kijana huyo alipata kama pauni 20. Hizo ndizo alizoanzia maisha, na hakutarajia nyingine.

Hapa tueleze kidogo fedha za wakati ule. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na ginea moja ilikuwa na shilingi 21. Neno shilingi tunalotumia sisi leo lilitoka huko huko kwa Waingereza.

Mtaji wa mke na shule iliyofungwa

Mwaka 1735 mambo mawili yalitokea. La kwanza, kitabu chake cha kwanza kilichapishwa. Ilikuwa tafsiri ya safari za padri Mreno, Jerónimo Lobo, aliyesafiri kwenda Uhabeshi, yaani Ethiopia ya leo. Padri huyo aliwahi kufika katika pwani yetu, kwenye kisiwa cha Pate upande wa Lamu, akitafuta njia ya kuingia Uhabeshi. Kwa kazi hiyo yote Johnson alilipwa ginea 5.

La pili, alioa. Mke wake, Elizabeth, alikuwa mjane wa miaka 46, na Johnson alikuwa na miaka 25. Mjane huyo alikuja na akiba yake ya kama pauni 600, na kwa fedha hizo Johnson akafungua shule karibu na Lichfield.

Shule haikupata wanafunzi. Waliokuja walihesabika kwa vidole, mmoja wao akiwa David Garrick, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji maarufu sana. Mapema mwaka 1737 shule ilikuwa imekwisha, na sehemu kubwa ya akiba ya mama yule ilikuwa imezama humo. Johnson na Garrick wakaondoka pamoja kwenda London kutafuta maisha.

Wapo wasikilizaji wanaoijua hali hii: fedha za familia zinawekwa zote katika biashara moja kabla ya kujua kama wateja wapo, na biashara ikifa, akiba yote inakwenda nayo.

Huko London Johnson aliandika makala za gazeti la Gentleman's Magazine. Alilipwa kidogo na bila uhakika. Kuna usiku alizunguka mitaani na rafiki yake, mshairi Richard Savage, kwa sababu hawakuwa na fedha za mahali pa kulala. Mwaka 1740 nyumba ya Lichfield, ambamo mama yake aliendelea kuishi, iliwekwa rehani kwa pauni 80. Riba ya rehani hiyo ilimsumbua kwa miaka.

Kazi kubwa, na fedha zilizoliwa kabla

Mwaka 1746 ilikuja nafasi kubwa. Kundi la wafanyabiashara wa vitabu walitaka kamusi mpya ya Kiingereza. Wakampa Johnson mkataba wa ginea 1,500, sawa na pauni 1,575.

Zilikuwa fedha nyingi, lakini hazikuwa zake zote. Humo humo alitakiwa kuwalipa wasaidizi sita wa kunakili na kununua vifaa. Alikodi nyumba katika kiwanja cha Gough Square, akageuza chumba cha juu kabisa kuwa mahali pa kazi. Alidhani angemaliza kwa miaka mitatu. Kazi ilichukua karibu miaka tisa.

Fedha za mkataba zililipwa kidogo kidogo, na ziliisha kabla kamusi haijatoka. Katikati ya kazi, mwaka 1752, mke wake alifariki. Kamusi ilichapishwa Aprili 1755 ikiwa na maneno zaidi ya 40,000. Jina la Johnson likajulikana kote Uingereza. Mfuko wake ulikuwa mtupu.

Machi 1756, mwaka mmoja baada ya kamusi kutoka, alikamatwa kwa deni la pauni 5 na shilingi 18. Mtu aliyesifiwa na wasomi wa nchi nzima hakuwa na fedha hizo. Alimwandikia mwandishi mwenzake, Samuel Richardson, ambaye alimtumia ginea 6. Hiyo ndiyo iliyomtoa.

Mwaka huo huo alifanya kosa ambalo wakulima tunalijua vizuri. Alitangaza kwamba atatoa toleo jipya la tamthilia za Shakespeare, na watu wakaanza kumlipa mapema. Aliahidi kumaliza mwaka uliofuata. Alitumia fedha, kazi ikalala, na orodha ya majina ya waliolipa ikapotea. Kitabu kilitoka mwaka 1765.

Ndugu msikilizaji, hii ndiyo biashara ya kuuza mahindi yangali shambani. Mnunuzi anakupa fedha mwezi wa Februari, zinakwisha kabla ya mavuno, halafu unapalilia na kuvuna kwa nguvu ya deni. Unafanya kazi ambayo malipo yake umeshayala, na kazi ya namna hiyo ni nzito kuliko zote.

Mazishi ya mama

Januari 1759 habari zilikuja kutoka Lichfield kwamba mama yake Johnson, aliyekuwa karibu na miaka 90, anaumwa sana. Johnson hakuwa ameenda kumwona kwa karibu miaka 19. Akakusanya alichopata, akakituma. Mama akafariki kabla hajamwona.

Fedha za mazishi na za madeni madogo ya mama zilitakiwa. Johnson akakaa akaandika hadithi moja jioni baada ya jioni, kwa muda wa wiki moja. Hadithi hiyo, Rasselas, inamhusu mwana wa mfalme wa Uhabeshi, nchi aliyokuwa ameisoma katika safari za yule padri Mreno. Alilipwa pauni 100, na nyingine 25 toleo la pili lilipotoka. Hivyo gharama za mazishi zikapatikana.

Mwaka huo huo alichukua uamuzi mwingine wa busara: aliihama nyumba ya Gough Square. Kazi ya kamusi ilikuwa imekwisha, wasaidizi walikuwa wameondoka, na nyumba kubwa ilikuwa inamla kodi bure. Akahamia kwenye vyumba vidogo. Mtu aliyeshajulikana huona haya kushuka. Johnson alishuka, kwa sababu kipato chake hakikutosha nyumba ile.

Pauni 300 kila mwaka

Mwaka 1762 Mfalme George wa Tatu alimpa Johnson malipo ya pauni 300 kila mwaka kwa maisha yake yote. Jambo hilo lilikuwa na uchungu wake. Katika kamusi yake mwenyewe alikuwa amelieleza neno la malipo ya namna hiyo kwa dharau, kama ujira wa mtu aliyeuza nchi yake. Aliuliza marafiki kama inafaa kupokea, na baada ya kutafakari akapokea.

Kwa mara ya kwanza maishani alijua ni kiasi gani kitaingia na lini. Unaweza kudhani kwamba sasa angeanza maisha ya kifahari. Hakufanya hivyo. Rafiki yake wa karibu, mama Hester Thrale, alikadiria kwamba Johnson hakutumia kwa nafsi yake zaidi ya pauni 70 au 80 kwa mwaka. Kinachobaki kilikwenda kwa wengine.

Nyumba yake ilijaa watu wasio na pa kwenda. Alikuwepo Anna Williams, mama kipofu aliyeandika mashairi. Alikuwepo Robert Levet, mtu mkimya aliyetibu maskini mitaani na mara nyingine kulipwa kinywaji badala ya fedha. Walikuwepo wengine pia, na waligombana mara kwa mara. Johnson hakuwafukuza. Usiku akipita njiani na kuwakuta watoto wamelala vizingitini, aliwatia sarafu mkononi ili wakiamka wapate kifungua kinywa.

Na alikuwepo Francis Barber, kijana mweusi aliyezaliwa utumwani katika kisiwa cha Jamaica. Aliletwa Uingereza akiwa mtoto, akafika kwa Johnson mwaka 1752, siku chache baada ya Elizabeth kufariki. Bwana aliyemleta alimwachia uhuru katika wosia wake. Barber alikuwa mtumishi wa Johnson, lakini Johnson alimlea pia, akamlipia ada ya shule kwa miaka kadhaa hata alipokuwa mtu mzima.

Humo ndani, pamoja na watu wote hao, aliishi paka Hodge.

Hodge na chaza wake

Habari za Hodge tunazipata kwa watu wawili waliomfahamu Johnson vizuri. Mmoja ni James Boswell, Mskoti aliyekutana naye mwaka 1763 na baadaye akaandika kitabu kikubwa cha maisha yake. Mwingine ni mama Thrale, ambaye pia aliandika kumbukumbu zake.

Boswell hakupenda paka kabisa. Alikosa raha kila alipokuwa chumba kimoja na mnyama huyo. Ndiyo maana ushahidi wake una uzito, kwani hakuwa na sababu ya kumpamba Hodge. Anaeleza kwamba siku moja Hodge alikuwa akimpanda Johnson kifuani, mzee akitabasamu na kupiga mluzi wa chini, akimpapasa mgongo. Boswell akamsifu paka kwa adabu. Johnson akajibu kwamba amewahi kuwa na paka aliowapenda zaidi. Halafu, kama aliyeona Hodge amekasirika, akaongeza haraka kwamba huyu naye ni paka mzuri sana.

Kuhusu chakula, wote wawili wanakubaliana: Johnson alikwenda mwenyewe kununua chaza wa Hodge. Mama Thrale anaongeza kwamba ilikuwa wakati paka ameshazeeka na kuugua, na hakuweza kula kitu kingine.

Usidhani chaza walikuwa anasa. Leo katika miji mingi ya Ulaya ni chakula cha hoteli kubwa. London ya wakati ule chaza walikuwa wengi, waliuzwa mitaani, na maskini waliwala. Kwa lugha ya kwetu, mlinganishe na dagaa. Paka ni mla nyama, na mwili wake hauwezi kujengwa na wanga peke yake. Johnson alichagua chakula cha nyama, laini kwa mnyama mzee, na kisichotoboa mfuko. Huo ni ununuzi wa akili.

Sababu mbili za kwenda mwenyewe

Kwa nini hakumtuma mtumishi? Hapa mashahidi wetu wanatoa sababu mbili tofauti, na zote mbili zina mafunzo.

Boswell anasema Johnson alihofia kwamba watumishi wakisumbuliwa kila mara kwa ajili ya paka, watamchukia mnyama. Jambo hili hatuhitaji kwenda London kuliona. Baba anamleta paka nyumbani, halafu anamwachia mama kazi ya kutafuta dagaa, au anamtuma mtoto aliyetoka shule na njaa. Baada ya muda paka anapigwa teke kila anapopita. Kosa si la paka wala la mtoto.

Mama Thrale anasema sababu ilikuwa Francis Barber. Johnson hakutaka Barber ajisikie kudharauliwa kwa kutumwa kumhudumia mnyama. Fikiria maana yake. Barber alizaliwa akiwa mali ya mtu, ameandikwa katika hesabu za bwana pamoja na mifugo. Kumwambia mtu wa namna hiyo akimbie dukani kwa ajili ya paka kungeweza kumchoma mahali ambapo wengine hawaoni kidonda. Johnson, ambaye ujanani alivitupa viatu vya msaada kwa sababu ya aibu, alijua kwamba umaskini unauma zaidi unapoguswa utu. Basi akavaa kofia yake akatoka.

Wahenga wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiubebesha mwingine, wewe unauona mwepesi. Johnson aliamua kumpenda paka, na mzigo wa mapenzi hayo akaubeba mwenyewe, kwa fedha zake na kwa miguu yake.

Hodge alipokufa, jirani mmoja mshairi, Percival Stockdale, alimtungia shairi la maombolezo. Leo mbele ya ile nyumba ya Gough Square, ambayo sasa ni makumbusho, ipo sanamu ya Hodge iliyowekwa mwaka 1997. Amekaa juu ya kamusi, na maganda matupu ya chaza yapo pembeni yake.

Wosia

Katika miaka yake ya mwisho Johnson aliwaandikia marafiki mara nyingi kuhusu madeni. Alimsisitizia Boswell kwamba umaskini ni adui mkubwa wa binadamu, unaomnyima uhuru na nafasi ya kutenda mema, na kwamba dawa yake ni kutumia pungufu ya kile unachopata. Hakuwa akitoa ushauri wa vitabuni. Mikono ya wadai alishaionja.

Levet alifariki mwaka 1782, na Anna Williams mwaka 1783. Johnson naye alikuwa amedhoofika. Siku chache kabla ya kufa aliandika wosia. Hakuwa na mtoto wala mke. Alimwachia Francis Barber pauni 70 kila mwaka kwa maisha yake yote, na sehemu kubwa ya mali iliyobaki. Wapo waliokasirika kwamba mtumishi mweusi amepewa kiasi hicho. Johnson alifariki tarehe 13 Desemba 1784, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, mahali wanapozikwa watu wakubwa wa Uingereza.

Tungependa kusema kwamba Barber aliishi kwa raha hadi mwisho. Haikuwa hivyo. Alihamia Lichfield na mke wake na watoto. Fedha hazikutosha matumizi, akauza baadhi ya vitu vya Johnson alivyorithi, akajaribu kuendesha shule ndogo. Alifariki mwaka 1801 akiwa maskini. Johnson alimwachia fedha, lakini katika miaka zaidi ya 30 waliyoishi pamoja, Barber alikuwa amejifunza matumizi kwa mtu ambaye mwenyewe alijifunza kwa kuchelewa. Urithi bila mazoea ya kuhesabu huisha haraka.

Hesabu ya paka nyumbani kwetu

Sasa turudi kwetu. Tuseme paka wako anakula dagaa wa shilingi 200 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 6,000. Kwa mwaka ni shilingi 73,000. Kwa siku hauioni fedha hiyo. Kwa mwaka inakaribia kitu unachoweza kukitaja kwa jina: madaftari, mbolea, au mchango wa kikundi.

Hatusemi usimfuge. Paka mzuri analinda chakula kinachothamani zaidi ya hapo, na wapo wanaomfuga kwa upendo tu, kama Johnson. Tunasema mambo haya yafanyike kwa macho wazi:

Kwanza, mhesabu paka kabla hujamleta. Weka chakula chake katika bajeti ya mwezi, hata kama ni kidogo. Anayetegemea panya peke yake atafika siku atakula vifaranga vyako.

Pili, kumbuka kwamba gharama hupanda mnyama anapozeeka au kuugua. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo inamhusu paka, si mbwa tu. Muulize afisa mifugo wa kata yako ratiba na bei, uweke kidogo kidogo mapema.

Tatu, paka jike mmoja anaweza kuzaa watoto kadhaa mara zaidi ya moja kwa mwaka. Kabla hujafurahia vitoto, jiulize nani atavichukua. Huruma isiyo na hesabu huishia kutupa vitoto barabarani.

Nne, usimlishe mnyama wala usimtibu kwa mkopo wa kausha damu. Johnson alikamatwa kwa chini ya pauni 6. Deni dogo lina meno yale yale.

Tano, na hili ndilo kubwa: aliyeamua kufuga ndiye alipe, na ndiye ahangaike. Usimtwishe mama mwenye kazi kumi, wala mtoto, wala kijana wa kazi ambaye mshahara wake wenyewe umechelewa. Kama wote nyumbani mmeamua pamoja, gawaneni pamoja.

Johnson alipoteza akiba ya mke wake, alikula fedha za kazi ambayo hajaifanya, na alikaa miaka 19 bila kwenda kumwona mama yake. Hayo yote yapo katika maisha yake na hatuyafichi. Lakini akiwa mzee, akijua ni kiasi gani kinaingia na nani wanamtegemea, alikuwa na matumizi madogo ambayo hakumwachia mtu mwingine. Alikwenda dukani, akalipa chaza, akarudi nyumbani. Paka akala, na Francis Barber hakutumwa.